Dini mbili zilinikataza kumimina ile waini, na mie nikaimimina

Hii stori nimeikalia muda mrefu kwa sababu kila nikitaka kuiandika naona aibu, ila juzi Ijumaa Mzee ninayemtunza kanichekesha mpaka nikasema basi, leo naitoa, anayetaka kucheka acheke.

Ilikuwa Ijumaa yangu ya kwanza kwenye nyumba hii, miaka mitatu nyuma. Ejensi walinipigia Alhamisi usiku, kuna mzee wa miaka themanini na kitu, ana ugonjwa wa Parkinson, mikono inatetemeka, anaishi na binti yake wawili tu, wanataka mtu wa kulala hapo kuanzia Ijumaa mchana mpaka Jumapili asubuhi, utaweza? Sisi tunaobeba boksi huku Marekani hatuulizwi utaweza mara mbili. Nikasema naweza. Hakuna aliyeniambia kwamba ni Wayahudi, tena wa dini haswa, nimekuja kujionea mwenyewe niliposhuka kwenye basi huku kaskazini magharibi mwa Baltimore, wanaume makoti meusi na kofia nyeusi, wanawake sketi ndefu na vichwa vimefunikwa, na mie na ushungi wangu, nikajisemea hapa walau sitashangaliwa.

Mchana ule sikuelewa kitu. Binti anapika kama kuna harusi, anakimbia kimbia, anaweka taima kwenye taa, anafunika jiko kwa bamba la bati ili vyakula vikae vya moto mpaka kesho yake, kila dakika anaangalia saa. Kumbe mishumaa ya Sabato inawashwa dakika 18 kabla jua halijazama na baada ya hapo hakuna kuwasha, hakuna kuzima, hakuna kupika, hakuna simu. Ilikuwa Desemba, na Desemba hapa jua linazama saa kumi na dakika arobaini na kitu jioni, yaani hujamaliza hata kumenya vitunguu siku imeisha. Akawasha mishumaa, akafunika macho kwa viganja, akaomba, akapanda juu kubadilisha nguo.

Nikabaki mezani na Mzee. Meza imetandikwa kitambaa cheupe, mikate miwili imefunikwa kama maiti (samahani, ndivyo nilivyoona), kikombe cha fedha chenye mguu uliopinda kidogo, na chupa ya waini nyekundu imeshafunguliwa. Mzee akaninyooshea mkono. Mkono unatetemeka, sauti yake ndogo sana, anaelekeza chupa, anaelekeza kikombe, anatikisa kidole. Mie nikajua anataka nimsaidie kumimina, si ndo kazi iliyonileta? Nikasema bismillahi kimoyomoyo kwa mazoea, halafu nikashtuka, bismillahi ya pombe tena? Nikamimina. Nikajaza mpaka juu vizuri, bila kumwaga hata tone, nikajisifu.

Binti akashuka. Akaangalia kikombe, akaangalia chupa, akaniangalia mimi. Hakusema neno. Akachukua kikombe akakimwaga kwenye sinki, akakisuuza, chupa akaiondoa mezani, akaleta nyingine. Mzee anaangalia kitambaa cha meza tu. Baadaye ndo nikaja kujua kwamba kile kidole alichokuwa anatikisa kilikuwa kinasema acha, usiguse, niitie binti yangu. Ila mkono wa mtu mwenye Parkinson, acha na mimina vinafanana.

Usiku nilipomlaza nikampigia mama Tanga. Huku saa tatu usiku, kule saa kumi na moja alfajiri, mama kashaamka kuswali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hivyo, wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza. Mama, nimemimina pombe."

Kimya. "Umemimina wapi?"

"Kwenye kikombe cha Mzee. Ya dini yao."

"We mtoto wewe! Hujui kwamba pombe hata anayeimimina kalaaniwa? Anayeibeba kalaaniwa, anayeiuza kalaaniwa..."

"Najua mama."

"Sasa unalilia nini?"

"Wameimwaga. Kwa sababu nimeimimina mimi."

Kimya tena, kirefu. "Wameimwaga yote?"

"Chupa nzima mama, sijui wameipeleka wapi."

"Basi alhamdulillahi, si imemwagwa. Lala."

Jumapili asubuhi kabla sijaondoka binti akanikalisha jikoni akanipa chai akaniomba radhi. Akaniambia kosa ni lake, alitakiwa kunieleza mapema. Ni sheria ya zamani mno, enzi ambazo watu wa dini za masanamu walikuwa wanamwaga divai mbele ya miungu yao, wazee wa Kiyahudi wakasema divai yoyote iliyoshikwa na mtu asiye Myahudi hatujui kaikusudia nini, tusiinywe. Na wakaongeza sababu nyingine ambayo mimi naiona ndo yenyewe, kwamba watu wakianza kunywa pamoja wataishia kuoana. Masanamu yameondoka, sheria imebaki. Lakini ina mlango. Divai iliyopikwa haikuwa inafaa kupelekwa madhabahuni, kwa hiyo divai iliyopikwa hata akiimimina nani haiharibiki. Wanaiita mevushali, maana yake iliyopikwa, na siku hizi kiwandani inapitishwa kwenye moto kwa muda mfupi sana, nyuzijoto themanini hivi, na kwenye lebo wanaandika. Ile chupa yangu ilikuwa zawadi ya ndugu yao, haikuwa ya kupikwa.

Nitasema ukweli, iliniuma. Hata baada ya kuelezwa. Unaweza kumwogesha mtu, kumvalisha, kumkata kucha, halafu kuna kitu kimoja mkono wako ukikigusa kinamwagwa. Nilipanda basi siku ile nimevimba kabisa. Lakini njiani nikakumbuka jirani yetu Tanga, Mkristo, kila Krismasi akitaka tule kwake analeta kuku wake kwa baba achinje, kwa sababu akichinja mwenyewe hatuli. Miaka yote hiyo. Hakuna aliyewahi kumuuliza yule mama anajisikiaje kubeba kuku wake mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, na mie sikuwahi kuuliza, nimefika miaka 34 nikiwa upande wenye kisu. Basi, nikarudi Ijumaa iliyofuata.

Na Ijumaa iliyofuata kulikuwa na juisi ya zabibu mezani.

Daktari alikuwa ameshasema dawa za Mzee na pombe haviendi pamoja, walikuwa wanasitasita tu. Juisi hii ni ya Kiyahudi, imetengenezwa na Wayahudi mpaka inapofika kwenye moto, halafu imechemshwa, kwa hiyo mie naruhusiwa kuimimina. Na haina kilevi, kwa hiyo naruhusiwa kuimimina kwa upande wa mama yangu pia. Chupa moja imemaliza kesi zote mbili. Nilipomwambia mama akauliza, "Na wewe unakunywa?" Nakunywa. "Tamu?" Tamu kama ukwaju aliokoroga mtoto, sukari imezidi. Ukizoea zabibu za Dodoma hutaamini hii nayo ni zabibu.

Hiyo juisi yenyewe ina historia na hapa nitajiachia kidogo maana niliisoma usiku mmoja Mzee akiwa amegoma kulala. Zabibu yake inaitwa Concord, ilioteshwa na bwana mmoja Ephraim Bull huko Concord, Massachusetts, mwaka 1849, zabibu nyeusi, ngumu, inavumilia baridi, lakini divai yake kali mpaka uitie sukari, ndo maana divai ya Kiyahudi ya Marekani ikajulikana kwa utamu, chapa za kina Manischewitz hao. Mwaka 1869 daktari wa meno, Thomas Welch, Mmethodisti wa Vineland, New Jersey, akachemsha juisi ya Concord isichachuke ili kanisani watu wapate meza ya Bwana bila kilevi. Kwa hiyo moto uleule ulioachisha waini kuwa waini kwa Wamethodisti ndo unaonitoa mimi kwenye kosa kwa Wayahudi na kwenye laana kwa mama. Halafu mwaka 1920 Marekani ikapiga marufuku pombe nchi nzima mpaka 1933, lakini divai ya ibada ikaruhusiwa, marabi wakapewa vibali vya kugawia waumini wao, na unajua binadamu, ghafla marabi wakawa wengi, wengine hawajawahi kukanyaga sinagogi. Ikawa fedheha. Mwaka 1922 mwanachuoni Louis Ginzberg wa New York akaandika fatwa ndefu (sina neno lingine) kwamba juisi ya zabibu isiyochachuka inatosha kabisa kwa ibada, hamhitaji kibali cha mtu. Akarudi mpaka kwenye Talmudi, kile kitabu chao kikubwa cha sheria na mafunzo ya wazee, ambako imeandikwa mtu anaweza kukamua kichala cha zabibu akasomea dua ya Sabato papo hapo. Kuna waliomkasirikia sana. Wengine nadhani walikuwa wanakasirikia biashara inayowatoka.

Sasa inasomwa nini? Maana mpaka hapa nimewasimulia chupa tu.

Kitu chenyewe kinaitwa kidushi. Sisi tunaojua Baitul Makdis (Yerusalemu) na Kudusi hatuhitaji kutafsiriwa, ni mzizi uleule, kutakasa, kuweka kando. Na sikilizeni, hakitakaswi kinywaji. Mimi miezi ya mwanzo nilidhani wanabariki waini, hapana, zabibu inapata sentensi moja tu, kwamba Mungu ndiye muumba wa tunda la mzabibu, imeisha. Kinachotakaswa ni siku. Kwenye amri kumi imeandikwa ikumbuke siku ya Sabato uitakase, na wazee wakauliza tuikumbuke vipi, wakajibu, kwa divai, wakati inapoingia. Yaani siku inaingia yenyewe jua likizama, hilo halikuhitaji wewe, ila wewe unatakiwa uitamke kwa mdomo wako, mbele ya watu, kikombe mkononi.

Wanaanza na nyimbo kwanza. Wa kwanza ni Shalom aleichem, wa kuwakaribisha malaika wanaomsindikiza mtu nyumbani Ijumaa usiku, na mie mara ya kwanza kuusikia mdomo ukanitoka "waaleikumu salaam" kwa sauti. Binti alicheka mpaka akakaa chini. Halafu unafuata wa kumsifu mke mwema, ule wa Mithali 31, Mzee anauimba akiangalia kiti kisicho na mtu, na hapo huwa najifanya natafuta kijiko.

Kisha anasimama. Namshika kwapani kushoto, kikombe kipo kulia, kimekaa kwenye kiganja. Anaanza kwa kunong'ona, "ikawa jioni ikawa asubuhi", halafu anapandisha sauti, "siku ya sita". Nilidhani ni pumzi zinamwishia, kumbe ndivyo inavyotakiwa. Wanaanzia katikati ya aya kwa makusudi, kwa sababu herufi za mwanzo za maneno manne yanayoanzia hapo, kwa Kiebrania, zinaunganika kuwa jina la Mungu lile ambalo hawalitamki. Kile kipande cha mbele kinanong'onwa tu ili aya isibaki imekatwa kichwa. Halafu "basi mbingu na nchi zikamalizika, na jeshi lake lote", na hapo ndo panawasimamisha, wanasema hii ni kama kutoa ushahidi kwamba dunia ina aliyeiumba, na shahidi hakai. Wengine wakimaliza hapo wanakaa chini kwa sehemu iliyobaki, wengine wanasimama yote, wengine wanakaa mwanzo mwisho, kila ukoo na walivyorithi, na usije ukawauliza kwenye meza yenye watu wa koo mbili.

Jioni kwanza ndo asubuhi. Wenzangu wa bara huwa hawaelewi kwa nini Jumamosi ya hawa watu inaanza Ijumaa jioni, ila mtu wa pwani ukimwambia haulizi. Bibi yangu akisema usiku wa Ijumaa alikuwa na maana ya Alhamisi jua likishazama, siku kwake ilianza magharibi, usiku unatangulia mchana wake. Nilipomweleza Mzee hivyo aliniangalia kama mtu aliyekutana na jamaa yake stendi. Tukaja tukabishana kwenye hesabu ya siku tu, maana wao Jumapili ndo siku ya kwanza, na sie siku ya kwanza ndo hiyohiyo Jumamosi ambayo kwao ni ya saba. Mosi, saba, akasema, basi nyie mnaanza kazi sisi tukiwa tumelala.

Kikombe nacho kina kipimo. Lazima kibebe kiasi wanachokiita reviiti, wapo wanaosema ni mililita 86, wengine wanapandisha mpaka 150. Hao wa 86 wana utamu wao, neno la Kiebrania la kikombe, kosi, ukijumlisha herufi zake kwa hesabu kama ile abjadi ya mashehe wetu unapata 86 kamili. Na lazima kijae. Kijae haswa, mpaka mdomoni, ndo maana chini tunaweka kisosi maana kwa mikono ya Mzee na ule mguu uliopinda kila Ijumaa kisosi kinapata fungu lake. Akimaliza anatakiwa kunywa mafunda ya kujaza shavu, na Mzee siku hizi kumeza ni shida, vinywaji vyake vyote nakorogea unga wa kukazia visimpalie. Nikadhani hapo sheria itamkwamisha. Haikumkwamisha, mwingine mezani akinywa badala yake inatosha. Binti anakunywa, Mzee analowesha midomo.

Na ile mikate miwili iliyofunikwa, ni khala, kh ya kutoka kooni kama ya kheri, imesukwa kama nywele za twende kilioni. Miwili kwa sababu jangwani mana, kile chakula cha kutoka mbinguni, ilikuwa inashuka maradufu siku ya Ijumaa. Nikamuuliza Mzee kwa nini mnaifunika, akanijibu kwa sura ya mtu anayetoa siri ya familia, ili isione aibu. Siku za kawaida mkate ndo unaombewa kwanza, una heshima yake, leo divai inatangulizwa mbele yake, kwa hiyo unafunikwa usishuhudie. Nilidhani ni utani wake, nikauliza huku na huku, kweli ndivyo wanavyofundisha. Watu wanachunga hisia za mkate! Niliwaza ile Ijumaa yangu ya kwanza nikasema mngenifunika na mimi basi. Nilimwambia binti hivyohivyo, miezi mingi baadaye, tukiwa tumeshazoeana. Hakucheka. Wiki iliyofuata aliweka kikombe cha nne mezani, kidogo, cha kioo, cha kwangu. Cha tatu ni cha yule mama wa kwenye kiti.

Jumamosi mchana kuna kidushi nyingine, fupi, aya mbili tatu na ile sentensi ya mzabibu, na kwa kejeli wanaiita kidushi kubwa. Sinagogini ikitajwa kidushi Jumamosi watu hawafikirii maombi, wanafikiria meza, samaki wa kuchachua, mchuzi mzito wa maharage na nyama uliolala jikoni tangu jana, na wazee wanaozunguka chupa ya wiski maana mchana kinywaji kikali nacho kinakubalika. Nimempeleka Mzee na kiti chake cha magurudumu mara kadhaa. Uswahilini tungeiita shughuli.

Sikukuu zina kidushi zake, isipokuwa ile ya kufunga, Yom Kippur, unamiminaje na umefunga? Pasaka ina vikombe vinne na cha kwanza ndo kidushi. Mwaka 2025 Pasaka yao iliingia Jumamosi usiku, Sabato inatoka sikukuu inaingia, kwa hiyo kikombe kimoja kinabeba maombi matano, na ili wasichanganye mpangilio wameyafupisha kuwa neno moja, yaknehazi: divai, kidushi, taa, kutenganisha, majira. Binti akanionyesha kitu kwenye kitabu chao, picha ya wawindaji na mbwa wanamkimbiza sungura. Sungura kafuata nini kwenye kitabu cha Pasaka? Basi Wayahudi wa nchi za Kijerumani zamani lile neno walilisikia kama "mwinde sungura" kwa lugha ya kule, wakachora sungura ili mtu akumbuke mpangilio, na kitabu kilichochapwa Prague mwaka 1526 kinaye. Nampenda aliyeanzisha huo ujinga.

Ila kuna mstari mmoja kwenye kidushi ya Ijumaa ambao haujawahi kunipita hivihivi. Ile sehemu ndefu ya mwisho inasema Sabato ni ukumbusho wa kuumbwa kwa dunia, sawa, halafu inasema pia ni ukumbusho wa kutoka Misri. Nikajiuliza Misri inahusikaje na kupumzika. Nikafungua Biblia ya Kiswahili kwenye simu chumbani kwangu. Kutoka 20 inaorodhesha wasiofanya kazi siku hiyo, wewe, mwana wako, binti yako, mtumwa wako, "wala mjakazi wako, wala mnyama wako wa kufuga, wala mgeni aliye ndani ya malango yako". Na Kumbukumbu la Torati sura ya 5 inatoa sababu, apumzike kama wewe, ukumbuke na wewe ulikuwa mtumwa Misri.

Nikasoma mara mbili. Mjakazi wako. Mgeni ndani ya malango yako. Nimekaa kitandani saa nane usiku natoka kumbadilisha Mzee nepi, niko zamu tangu Ijumaa mchana, ni mimi wote wawili hapo. Nilimuuliza binti wiki hiyo, bila ugomvi, hivi na mimi nipo kwenye ile orodha? Akanieleza kwamba wasomi wao wanatofautisha, mgeni aliyeingia dini na asiyeingia, mtumishi wa nyumba na mfanyakazi wa mkataba anayefanya kazi ya kumtunza mgonjwa, na ugonjwa una ruhusa zake. Alikuwa anaeleza vizuri, mpaka katikati akanyamaza mwenyewe. Akasema, nitakulipa Jumamosi kwa kiwango cha sikukuu. Na amelipa tangu hapo. Sikumwambia kwamba sikuwa naongelea hela, kwa sababu pia nilikuwa naongelea hela.

Kilichobadilika kingine ni kidogo. Wakati wa kidushi sisimami tena nyuma ya kiti kama mhudumu wa hotelini. Nakaa. Wakisema amin nasema amin, hiyo haihitaji tafsiri. Ni dakika nne, tano, na dakika hizo hakuna anayeniomba kitu, na Mzee akikohoa anainuka binti.

Mwaka huu sauti ya Mzee imepungua sana, anasoma binti. Wapo jamaa zao wasiopenda mwanamke asomee mwanamume, lakini sheria yao inasema kwenye kidushi mwanamke anawajibika sawasawa na mwanamume, na anayesikiliza kwa nia ni kama kasoma mwenyewe. Mzee anasikiliza kwa nia, midomo inamfuata. Akimaliza, binti anachovya kidole kwenye kikombe anampaka kwenye kope, jicho hili na hili. Talmudi inasema hatua ndefu za haraka zinamla mtu nuru ya macho, moja ya mia tano kila hatua, na inarudishwa na kidushi ya Ijumaa jioni. Mzee ana mtoto wa jicho macho yote mawili na hajapiga hatua ndefu miaka sita. Anafumba, anapakwa, anafumbua anatuangalia mmoja mmoja kama anahakikisha.

Sasa juzi. Namimina mimi siku hizi, ndo zamu yangu, juisi, kikombe kilekile chenye mguu uliopinda. Namimina, naona Mzee ananyoosha mkono. Anaelekeza chupa, anaelekeza kikombe, anatikisa kidole. Kilekile. Mwili wote ukanifa ganzi, nikaiweka chupa chini, nikaigeuza nitafute lebo, iliyopikwa ipo imeandikwa, nikaita "Dada! Dada njoo, sijui nimekosea nini tena!" Binti akashuka ngazi mbio kiatu kimoja. Mzee anatetemeka mabega, nikadhani anapaliwa, kumbe anacheka. Nimemfundisha maneno machache ya Kiswahili miaka hii mitatu, polepole, tayari, lala salama, na moja la kwenye chai yake ya asubuhi maana hapendi kikombe nusu. Akavuta pumzi akalitoa hilo, taratibu, silabi moja moja.

"Ja-za."